Bendiksi Haioshwi

Murhula mwanangu,

Nimeanza barua hii mchana, mvua ilipowafukuza wateja wote kwenye meza yangu ya ufundi pale Nyawera, na sasa giza linaingia na bado sijafika popote. Wewe uko kwa rafiki zako, unaaga. Najua mnaaga kwa chupa. Sina neno. Kunywa nao, mwanangu, utaona mbele kwa nini mimi, mama yako, nimeandika maneno hayo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mambo ya kula na kulala sitayagusa. Dada yako Nabintu amekufungia unga, chumvi, blanketi na dawa ya malaria, na amekuimbia maagizo mpaka ukaziba masikio. Kukukataza safari nilishakukataza. Ulikataa kwa heshima, umeketi, kofia mkononi, ukaniambia, "Maman, masomo imefungwa, kazi hakuna, na huyu tajiri ananipa volani ya kamyo yake. Ningoje nini?" Kesho utachukua kamyo yake, lile lori kubwa, uende Shabunda, na barabara ya Shabunda ndiyo iliyomchukua baba yako. Kwa hiyo acha nikuandikie kuhusu bendiksi.

Unaijua. Ulitambaa chini ya meza yangu ukiichezea kabla hujajua kusema mama. Lakini nivumilie, maana mimi hufikiri vizuri nikiwa na chuma mkononi, hata kama ni cha kuandika tu. Bendiksi ndiyo yenye yale meno madogo ya mbele ya demareri, kile chombo cha kuwashia injini. Meno huruka, yakashika gurudumu kubwa la injini na kulizungusha. Injini ikiwaka, yanaachia. Nyuma ya meno kuna vichuma vya mviringo na visipringi vyake, vimelala katika grisi iliyotiwa kiwandani. Upande mmoja inazunguka huru, upande wa pili inagoma. Kazi yake yote iko katika kule kugoma. Ikikubali pande zote mbili, demareri italia peke yake na injini haitasikia kitu. Ikigoma pande zote mbili, injini ikishawaka itaiburuta demareri mpaka ipasuke.

Basi kila ukiishusha, shika meno kwa vidole ujaribu: huku iende, huku ikatae. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Kwenye mhimili tia tone la oili nyepesi, usipake grisi nzito, maana vumbi la Walungu litaganda nayo liwe ugali. Na usiioshe. Esansi, petroli hii ya kuoshea, ikiingia ndani inatoa ile grisi ya kiwandani, na grisi ile haturudishi, si mimi wala fundi yeyote wa mji huu.

Nyawera nzima wanajua kwamba Maman Demareri, kama wanavyoniita, humfukuza mtu aliyeleta bendiksi iliyooshwa. Wanajua pia kwamba yeye ndiye aliyeosha ile ya mumewe. Hilo si siri, nilikueleza ulipoanza kuuliza. Kuna mteja mmoja wa Kadutu, kila akija huweka demareri yake mezani na kusema, "Maman, hii haijaoga hata siku moja, iko na uchafu yake yote," na watu hucheka, na mimi hucheka nao. Mtu akikaa na jambo miaka mingi hujifunza kulicheka.

Nilikuwa mwanamke wa kusafisha. Kabla ya kuolewa nilifua mashuka kwa masista, na huko uchafu ulikuwa ndugu wa dhambi. Siku ile baba yako aliacha demareri imefunguliwa juu ya gunia, akaenda kuona mizigo yake. Nikaiona ile bendiksi, nyeusi, inanata. Nikaona aibu kama vile mgeni amekuta sufuria chafu. Nikaitia ndani ya karai la esansi, nikaisugua kwa mswaki wa zamani mpaka ikang'aa. Aliporudi hakunigombeza, maana hata yeye hakujua. Aliinyanyua juu akawaonyesha majirani. "Muangalie kazi ya bibi yangu. Iko inametameta sawa kikombe ya misa."

Na iliwasha vizuri. Hilo ndilo watu hawaelewi. Bendiksi iliyooshwa haifi siku hiyo. Inakupigia kazi vizuri kuliko jana, inakupa moyo, inakupeleka mbali, halafu ndipo inakauka.

Sikuosha chuma peke yake. Shofere wa Shabunda hawaendi peke yao, ulisikia tajiri wako akikuambia. Wanakwenda wawili wawili, kamyo mbele na kamyo nyuma, na hawazimi injini njiani hata wakila. Mwenzake baba yako alikuwa Zihindula, mtu wa chupa na wa kelele, aliyekuwa akiingia nyumbani kwangu na matope yake na kuketi bila kukaribishwa. Sikumpenda. Nilimwambia baba yako achague. Nilisema hivyo asubuhi, nikasema jioni, nikasema Jumapili baada ya misa. Mwanaume akichoka na maneno hukubali. Akamwacha Zihindula, na safari ile kamyo yetu ikaenda peke yake, na mimi nikapanda na tumbo langu, wewe ukiwa ndani, nihakikishe kwamba hasimami kwenye baa za Burhale. Nilikuwa nimemsafisha mume wangu, unaona. Nilimtoa kila kitu kilichokuwa kikimnata, na nilijisifu.

Ulikuwa mwaka ule wa majina mapya. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina, na watu nao wakaambiwa waache majina ya ubatizo. Baba yako alikuwa Aloyisi tangu utoto. Kwenye karatasi akawa Cubaka, jina la babu yake. Alikuwa akitania njiani, "Mama Nabintu, hii barabara inamujua Aloyisi. Cubaka ataomba ruhusa kwa nani?" Nilicheka. Sijui kwa nini siku hizi mzaha huo haunichekeshi.

Tulilala Kigulube. Kijana wake wa mizigo, aliyepanda nyuma juu ya magunia, akapata homa, tukamwacha huko kwa watu wema. Mbele kidogo, msituni, kuna mahali barabara inashuka kwenye kijito na kupanda upande wa pili. Ilikuwa mchana, jua lilikuwa juu, lakini mvua ilikuwa imetoka tu na ukungu ulisimama kati ya miti, mweupe, hausogei. Katikati ya kijito injini ikazimika. Kamyo ya mazuti, yaani dizeli, imejaa chumvi na sabuni. Kuisukuma kupanda kilima ni ndoto, na manivele, chuma cha kuzungusha injini kwa mkono, kwa injini ile ni pambo.

Akabonyeza. Demareri ikalia peke yake. Wewe unaujua mlio ule, umekaa nao mezani kwangu: unapanda juu, mwembamba, haushiki kitu, kisha unashuka na kufa. Baba yako aliniangalia. Nadhani alielewa wakati ule ule, na mimi pia.

Kisha ng'ambo, upande wa kushoto, ndani ya ukungu, demareri nyingine ikalia. Mlio ule ule. Ikapanda, haikushika, ikashuka.

Sasa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu, si padri, si Nabintu, si wewe.

Nilisema ni mwangwi. Baba yako akabonyeza tena. Yetu ikalia ikafa. Tukangoja. Ng'ambo nayo ikalia, na safari hii ikashika. Injini ikawaka. Tuliisikia ikinguruma polepole, imetulia, injini nzito ya mazuti kama yetu. Mwanangu, mwangwi haurudishi kile ambacho hukuutupia. Na wewe, uliyekuwa umelala tangu Kigulube, uligeuka tumboni kwa nguvu hata nikashika mlango.

Baba yako akafurahi. "Unasikia? Kule kuko kamyo. Kuko batu. Ngoja niende niombe batuvute."

"Papa Nabintu, kule hakuna njia."

"Kama kamyo ilipita, njia iko."

Nilimwambia asiende. Lakini nilikuwa nimemwambia mambo mengi mno mwaka ule: usinywe, usisimame, usimlete Zihindula. Neno langu moja lililokuwa na maana lilikuja katika nguo zile zile za maneno mengine, na hakulitambua. Akachukua kamba, akavuka maji, akapanda kule kwenye ukungu. Sikumwona tena.

Nilimsikia, lakini. Nilimsikia akisalimia, kama mtu anayesalimia watu anaowajua. Nilisikia akicheka. Mlango wa gari ukafungwa, injini ikaongeza moto, ikaondoka. Iliondoka kwa kushuka, na upande ule ardhi inapanda. Ilikwenda chini, chini, mpaka ukimya ukabaki. Nikaita Cubaka. Nikaita tena. Nikafikiri labda jina jipya bado hajalizoea, nikaita Aloyisi, mpaka sauti ikaniisha. Hakuna ndege aliyelia siku ile.

Nilikata matawi nikayaweka barabarani nyuma ya gari, kama alivyonifundisha, nikapanda ndani nikafunga milango. Ndiyo sababu niko hai na wewe uko hai: sikushuka tena. Kesho yake wakapita Warega, wenyeji wa msitu ule, wenye kubeba mafuta ya mawese, na mama mmoja kati yao akanipa ndizi. Nikawaonyesha upande. Yule mama akasema, "Kule? Kule haikupita motokari tangu Mungu aumbe. Kule iko majani tu."

Wanaume wakaenda kutafuta. Nyayo zake zilipanda kidogo kisha zikaisha, mahali pa wazi, bila shimo, bila mto, bila damu. Kamba ilikuwa imezungushwa vizuri na kuwekwa chini. Viatu vyake vilikuwa vimevuliwa, vimepangwa pamoja, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu.

Unajua yaliyosemwa baadaye. Chui. Wanajeshi. Mwanamke wa Kisangani. Kila mtu alinipa kifo au uchumba aliouona unanifaa. Misa ilisomwa bila jeneza. Zihindula ndiye aliyekwenda kuivuta kamyo yetu mpaka Bukavu, na alilia njia nzima, na hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Aliketi tena kwenye kiti changu na matope yake, nami nikampikia, na tangu siku ile, hata baada ya yeye kufa, hakuna aliyeingia nyumbani kwangu nikamtazama miguu.

Watu husema nilishika kazi ya demareri kwa ajili ya njaa. Ni kweli, njaa ilikuwepo, na wewe ulizaliwa una koo kubwa. Lakini kulikuwa na lingine. Kila ikija bendiksi isiyoshika, naifunga mezani, naiunga na batri, naiacha ilie. Kisha nangoja. Umeniona mara nyingi nimesimama vile, kichwa upande, ukaniuliza, "Maman, unasikiliza nini?" nikakujibu kwamba nasikiliza ugonjwa wake. Nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu atajibu. Miaka yote hiyo hakujibu mtu. Mwishowe nikajiambia nilikuwa mwanamke mjamzito mwenye hofu, na ukungu una mambo yake. Nilimpenda baba yako, na mpaka leo namkasirikia kwa kuvuka yale maji. Yote mawili nimeyalea pamoja na nyinyi.

Sasa juzi. Tumemaliza kuifunga demareri ya kamyo yako, uani kwa tajiri. Bendiksi mpya, kavu, niliijaribu kwa vidole mwenyewe. Ukapanda, ukawasha, ikashika mara moja kama inavyotakiwa. Ukazima, ukaniangalia kwa meno yote nje. Na katika ule ukimya, kutoka upande wa ziwa, demareri ikalia. Ikapanda, haikushika, ikashuka. Kisha ikalia tena, ikashika.

Ukasema, "Maman, umesikia? Kuko mwenye anawasha kamyo kule ku maji."

Nikasema sikusikia kitu, nipe funguo. Mlinzi wa uani alikuwa amesimama pale akimenya muwa. Nilimtazama usoni, na yeye kweli hakusikia kitu. Sisi wawili tu. Ulijua kwamba nadanganya, maana ulinipa funguo bila kunitazama.

Leo mchana, mvua ikinyesha, nilifanya jambo. Nilichukua lile karai. Nilitia esansi. Nilikuwa na funguo za uani, na kuishusha demareri ni kazi ninayoifanya hata nikiwa na usingizi. Nilitaka niioshe bendiksi yako, iharibike, ukose safari. Nilikaa mbele ya karai harufu ya petroli ikinipanda kichwani, na mikono yangu ilikuwa inaniomba. Kisha nikakumbuka: haifi siku hiyo. Ingewasha vizuri kesho, ingekupitisha Walungu, ingekupitisha Burhale, ingenyamaza kule kule. Nikamwaga ile esansi kwenye mtaro.

Kwa hiyo unakwenda, na kamyo yako ni nzima. Zaidi ya hapo sina uwezo.

Chini ya kiti cha kamyo nimekuwekea bendiksi ya akiba, imefungwa katika shati la baba yako. Usiifungue uani kwa watu wakaanza kuishikashika. Yule mzee wa kamyo ya pili, ambaye unasema ananuka pombe na anasimulia mno, kaa naye. Mnunulie chupa Burhale. Akikukera, mwache akukere. Asikupite, na wewe usimpite, na mkila msizime injini.

Na ikizimika, kwa sababu chuma ni chuma, bonyeza mara moja. Ikilia bila kushika, usibonyeze tena, hata kama mkono unakuwasha. Weka matawi, panda ndani, funga milango, ungoje. Ukisikia kamyo nyingine ikiwaka mahali pasipo na njia, utatamani kwenda. Itakuwa na sauti nzuri. Pengine utasikia watu wanacheka, na mmoja utamtambua ingawa hukumwona kamwe.

Pengine atakuita. Basi fikiri, mwanangu, kwa kichwa baridi. Mimi ndiye niliyekupa jina la Murhula, siku ya nane, na baba yako alikuwa amekwisha kuondoka. Hajawahi kulisikia. Hajui kwamba ulikuwa mvulana. Yeyote atakayekuita Murhula kutoka ng'ambo, hata akiwa na kicheko cha nyumbani kwetu, jina hilo hakulipata kwa baba yako.

Mnanicheka kwamba mwanamke anayetengeneza demareri za mji mzima hajui kuendesha hata baiskeli. Cheka, lakini likumbuke. Ukichelewa kurudi, atakayekuja kukutafuta ni mimi, na mimi sina gari. Ukisikia injini inakuja, si mama yako. Mimi utanisikia nikija kwa miguu, nikigombana na matope tangu mbali, nikimtukana tajiri wako, nikiuliza nani amekuruhusu kuchelewa. Ngoja sauti hiyo. Hiyo ndiyo uifungulie mlango.

Mimi mama yako,
Maman Demareri